Mahamri na Ukurasa wa Kwanza

Jirani yangu wa Mishomoroni huuza mahamri asubuhi, na huyafunga kwa nakala za ukurasa wa kwanza wa riwaya aliyoiandika mwenyewe. Ukurasa huo unakomea pale mke anaposikia mlango ukigongwa. Maandishi huyaweka upande wa nje yasilowe mafuta, na mteja akiuliza kilichofuata, hujibu polepole, "Kula kwanza, mwanangu." Vitabu vyenyewe vimelala chini ya meza, ndani ya leso safi ya kujifunga. Jana dereva mmoja wa bodaboda alirudi, karatasi yake ameikunja mfukoni. "Leo sitaki mahamri, mama. Nataka kujua kama aliufungua mlango." Jirani akajifuta mikono, akajifuta tena. Mikono hiyo haiogopi mafuta ya moto, lakini fundo la leso ililifungua polepole, kisha ikatoa kitabu kimoja.