Mlango wa Mtega Fuko

Mtega fuko wa uwanja wa mpira hakuhitaji chambo. Fuko anaishi gizani chini ya nyasi, na upepo ukiingia shimoni mwake hatulii. Ukimtobolea njia, atakuja tu kuiziba kwa udongo. Basi mzee alikuwa akitoboa, anatega kitanzi, kisha anakaa kimya. Miaka arobaini kazi ikawa ndiyo hiyo, na anayeiona rahisi aje ajaribu.

Nyumbani hakufunga mlango hata siku moja. Mkewe ndiye aliyekuja nyuma yake kuufunga, akifoka, "Kwani umezaliwa sokoni wewe?"

Wiki moja baada ya kumzika, mzee alitoka akauacha mlango wa jikoni wazi, kama kawaida yake. Aliporudi, akaukuta umefungwa.

"Umefunga wewe?" akamuuliza binti yake.

"Mimi nipo uani nafua tangu asubuhi, Baba."

Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu hakwenda uwanjani. Mchana kweupe akaufungua ule mlango wote, akaketi pembeni kwenye kigoda, akabana pumzi, vile vile anavyomngoja fuko. Upepo ukaingia, ukapeperusha majivu.

Kisha akasikia kandambili zikija kutoka chumbani, zile za mkewe zilizolika upande mmoja, zikiburuzwa kwa hasira.

Akataka kugeuka amtazame. Lakini alimjua fuko: akishagundua kuna mtu, harudi tena njia ile.

Mzee akafumba macho.