Josline na Namba Iliyoozesha Samaki

Saa tano asubuhi, katika duka la vifaa vya umeme mtaani Hai Mauna, Josline Babirye anatazama sensa tatu za kupimia joto mezani na hajui ashike ipi. Moja ni waya mwembamba. Ya pili ni kipande cheusi, kidogo kama punje ya harage. Ya tatu ina ncha ya chuma na nyaya tatu.

"Chagua, dada," anasema Abdiwahab, mwenye duka. "Au nikufungie zote?"

"Ukinifungia zote, nitachanganyikiwa mara tatu."

Josline, miaka 26, Mganda kutoka Jinja, anatunza chumba cha baridi ambamo wachuuzi kutoka Rejaf huhifadhi sangara. Sensa hupima joto la chumba. Kisanduku kilichoko ofisini hulirekodi kila dakika tano. Aliacha shule darasa la sita. Mshahara wake unasomesha wadogo zake wawili.

Wiki iliyopita kioo cha kisanduku kilionyesha nyuzi mbili, baridi ya kutosha. Kilo sitini za samaki zikaoza. Wachuuzi wote kumi na mmoja wamehama, na mwenye chumba amempa Josline hadi Jumamosi awarudishe. La sivyo, anafunga.

Nyaboth, mmoja wa wachuuzi hao, alikuwa amemwonya. Alibonyeza samaki akasema, "Hii iko moto, Josline. Macho yake imelala."

"Nikamwonyesha kioo," Josline anakumbuka, akitazama chini. "Nikamwambia, mama, mashine hailali."

Abdiwahab anauliza sensa ya zamani ilitoka wapi. Ilitolewa kwenye oveni ya mikate, Josline anajibu. Waya wake ulikuwa mfupi, fundi akauunga na waya wa taa, juu kabisa, chini ya mabati ya paa.

"Khalas, basi! Hapo ndipo mlipokosea. Aina hiyo inapima tofauti ya joto kati ya ncha na mwisho wa waya wake. Mkiunga waya wa taa, mwisho unakuwa pale kwenye mabati ya moto. Kisanduku huongeza joto la pale kilipo tu, ofisini penye baridi; hakijui habari za mabati. Namba inashuka."

"Moto wa mabati unaleta baridi kwenye kioo?"

"Baridi ya uongo."

Josline anashika kichwa. "Mimi iko najua samaki. Hii hapana."

Anatoa simu na kuonyesha picha ya maandishi ya kisanduku. Abdiwahab anasoma, kisha anaondoa ule waya mwembamba, aina ile ile ya oveni, na ile nyeusi, ambayo kisanduku hakiipokei. Anasukuma mbele yenye ncha ya chuma. Ndani ina madini ya platini, na nyaya zake zina mita kumi, hazihitaji kuungwa.

"Waya ya tatu ni ya nini?"

"Kusahihisha urefu."

"Urefu umekosa nini?"

Abdiwahab anacheka, anaacha kueleza. Anaponda barafu kikombeni, anaongeza maji kidogo, anatumbukiza ncha na kuiunganisha na mita ya dukani. Baada ya dakika tatu: sifuri nukta moja. Josline anaingiza kidole humo humo.

"Sasa hiyo nimeelewa," anasema, na kuichukua.

Nyaboth amekubali kuleta samaki kumi kesho, kumi tu. Josline anapanga kuijaribu sensa kwenye barafu kila Jumatatu, na kila asubuhi kumwomba Nyaboth abonyeze samaki kabla yeye mwenyewe hajaandika namba ya kioo.

"Mkono wake na kioo vikigombana, nitaamini mkono," anasema. "Samaki watoke chumbani kwanza. Fundi tutamwita baadaye."