Wiki ya Saba, Ukurasa wa Thelathini na Moja

Kamati ya mitaala ya kitivo chetu hapa Mpanda ina desturi moja: rasimu haisomwi yote, inafunuliwa. Mwenyekiti anataja namba ya ukurasa, anasubiri. Kukiwa kimya, ukurasa umepita. Mtu akikohoa tu, mwenye rasimu roho inamruka. Siku ile mwenye rasimu nilikuwa mimi, kozi ilikuwa mpya, ya ufugaji nyuki, na nilichokiogopa kilikuwa ukurasa wa thelathini na moja.

Kwenye ukurasa huo nilikuwa nimemwandika fundi wetu wa mizinga, mama wa makamo kutoka Ugalla, elimu yake darasa la saba. Kampasi ilikuwa imemchukua kwa mkataba atunze mizinga ya mafunzo. Mkataba ulikuwa unaisha Juni, na ofisi ya utumishi ilishaniambia waziwazi: akiwemo kwenye mtaala atabaki, asipokuwemo aage. Nami nilikuwa nimemwambia hivyo hivyo. Asubuhi ile akaja amevaa gauni la kanisani, akakaa kwenye benchi nje ya ukumbi kusubiri matokeo. Nikamsihi arudi nyumbani, nitampigia.

"Nitakaa tu, mwalimu," alisema. "Nyie ongeeni, mie sina haraka."

Sikumwandika kwa huruma. Baba yake alikuwa mfugaji nyuki aliyepofuka uzeeni, na binti ndiye aliyemshika mkono porini. Kwa hiyo alijifunza kazi kama kipofu anavyoifanya: unagonga gogo la mzinga kwa kifundo cha kidole, kuanzia nyuma mpaka mlangoni, sikio likiwa kwenye mti, na unajua asali imefika wapi kabla hujagusa kizibo. Nimesomea nyuki mpaka shahada ya pili, na hakuna aliyewahi kunifundisha hilo. Nikaliweka wiki ya saba, yeye mwenyewe akiwa mkufunzi wa vitendo. Kwenye safu ya rejea, ambako kila mada inatakiwa kuonyesha kitabu ilikotoka, nikaandika jina lake na maneno "maelezo ya mdomo". Nilijiona shujaa, tena shujaa aliyekaa kwenye kiti akipiga chapa kwenye kompyuta.

Kurasa za mwanzo zilipita. Kwenye wa kumi na mbili mjumbe mmoja alitaka neno "vitendo" lisomeke "mafunzo kwa vitendo", nikamshukuru kana kwamba amenipa ng'ombe. Umeme ulikuwa umekatika, feni imesimama, shati limenigandia mgongoni. Kupitia dirishani niliona nusu ya benchi na viatu vyeusi vya yule mama.

"Thelathini na moja," mwenyekiti akasema.

Kimya. Nikaanza kuhesabu moyoni. Nilifika nne.

"Kupitia kwako, mwenyekiti." Alikuwa mhadhiri mwandamizi aliyekaa mkabala nami, mtu ninayemheshimu, na ndiyo maana iliniuma zaidi. "Huyu wa wiki ya saba ni nani? Amechapisha wapi?"

Nikaeleza, na nikaeleza vibaya, maana mimi nikipandwa na hasira maneno yananigongana. Nilisema kuna mambo hayajawahi kuingia kitabuni. Nilisema sijui nini kuhusu watu wanaodharau misitu yao wenyewe, jambo ambalo halikumhusu mtu yeyote mle ndani.

Akaniacha nimalize. "Mwalimu, sibishi kwamba mama anajua. Ila wakaguzi wakija wakakuta mtu wa darasa la saba anafundisha shahada, wanaifunga kozi nzima. Hapo utakuwa umemsaidia nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Aandikwe kama fundi chini ya usimamizi wangu, na wakaguzi wakija na maswali yao, waje kwangu. Lilihitaji nisimame niseme kwamba lawama nitabeba mimi. Sikusimama. Nilifikiria cheo nilichokuwa nimekiomba mwezi ule, na hilo sijawahi kumwambia mtu.

Mwenyekiti akatazama saa. "Tusikwame. Mwalimu afute jina na ile rejea, aweke kitabu kinachokaribia, tuipitishe leo iende seneti. Au aichukue rasimu, arudi nayo mwakani. Mwalimu?"

Miaka miwili nilikuwa nimeihangaikia ile kozi. Nikatazama dirishani. Mama alikuwa amevua viatu, anapumzisha miguu.

"Nafuta," nikasema.

Kitabu nilichokiweka kinahusu nyuki wa nchi za baridi. Hakina hata mstari mmoja kuhusu kugonga gogo. Hakuna aliyeuliza.

Nilipotoka alisimama haraka, akitafuta viatu kwa vidole vya miguu.

"Imepita, mwalimu?"

"Imepita."

Akapiga kigelegele, akaziba mdomo kwa kiganja, akacheka kwa aibu. "Asante Yesu! Kwa hiyo na mie nimo?"

Nikamwambia bado seneti. Ni kweli ilikuwa bado seneti, na ni kweli nilikuwa namdanganya. Habari yenyewe aliipata Juni kwa barua ya utumishi. Siku aliyokuja kurudisha funguo za stoo nilihakikisha niko mjini.

Kozi ilianza mwaka uliofuata. Wiki ya saba ilipofika nikawapeleka wanafunzi kwenye mizinga, nikakunja kidole, nikagonga gogo kutoka nyuma mpaka mlangoni, sikio kwenye mti. Nilisikia mti tu. Wanafunzi walikuwa wakinisubiri, daftari mkononi.

"Mzinga uko tayari," nikasema.

Tukapuliza moshi, tukatoa kizibo. Masega yalikuwa yamejaa majana, watoto wa nyuki weupe waliojikunja, na asali hata ya kulamba haikuwepo. Tulikuwa tumeufungua mapema mno. Binti mmoja aliyekuwa mbele akafunua kitabu kwa glavu zake nene.

"Mwalimu, hii ya kugonga iko ukurasa gani?"

Niliwaambia warudishe kizibo, nikaenda pembeni, nikatafuta namba ya yule fundi kwenye simu. Nilijua nikimpigia na kumwomba, angepanda bodaboda siku ile ile aje, bila kuuliza habari ya mkataba. Ndiyo maana sikupiga.