Mdundo Niliodhani ni Moyo Wangu

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu aliyenipa masikio, hata siku yaliponiaibisha hapa Maisaka.

Baada ya swala ya adhuhuri nilijilaza sebuleni nikisikiliza Kurani kwenye simu ya binti yangu Zuhura, spika zake ndogo za masikioni zikiwa chini ya kofia yangu ya sufu. Nikasinzia. Nilipoamka, moyo ulikuwa unadunda mpaka kichwani, na sauti ya mbali ilikuwa ikiniita, ikijirudia mpaka ikapotea. Mke wangu alifungua mdomo, nisisikie neno. Nikajua roho inatoka.

Mimi ninayewahimiza wafiwa wawe na subira nilipiga kelele mpaka majirani wakajaa: "Ee Mola, si leo! Mchukue mwingine kwanza!"

Zuhura akanivua kofia, akachomoa zile spika. Mdundo ukahamia kiganjani mwake.

"Baba, Kurani iliisha, ikafuata miksi ya DJ. Ni dub na techno tu, muziki wa mwangwi na midundo."

Jirani yangu Mzee Omari, niliyemhimiza awe na subira alipomzika mkewe mwezi uliopita, alinitazama kwa upole.

"Mwingine nani, ustadhi?"

Nikaichukua kofia kwa Zuhura, nikajifunika uso. Mungu akujalie, msomaji, subira ambayo mimi niliitafuta nisiione.