Nilishuhudia Kanisani Nimepungua Kilo Nane, Kumbe Rafiki Yangu Alijua

Bwana asifiwe ndugu zangu. Admin, jina langu liache kabisa, na usharika wetu usiutaje, maana Bukoba ni ndogo. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, nina mume na watoto wanne, nashona nguo hapa Rwamishenye. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea kuandika mnivumilie.

Nina presha, huu mwaka wa tatu. Nakunywa dawa, na mojawapo ni ile ya kukojoa. Daktari aliniambia nipunguze mwili, ila taratibu. Hilo neno taratibu ndilo sikulishika.

Nina rafiki anakaa Nyanga, nitamwita Mama Neema ingawa siyo jina lake. Tumeimba kwaya pamoja miaka kumi na minane na ndiye mama wa ubatizo wa mwanangu wa mwisho. Siku moja tukitoka mazoezini akanishika mkono akasema, "Hiyo presha unaibembeleza, mwenzangu. Fanya kama mimi, siku arobaini, kama Bwana wetu jangwani. Mimi nimemaliza na unaniona." Na kweli nilimwona amepungua. Masharti yake yalikuwa haya: asubuhi maji ya moto na ndimu, jioni kabichi ya kuchemsha, ebitoke, ndizi zetu za kupika, nisiguse. Njaa ikiuma mchana nitafune kahawa, hizi zetu kavu tunazompa mgeni akifika nyumbani. Aliniambia, "Zinakata njaa kuliko chakula."

Wahaya wenzangu mnajua, mtu akikosa ndizi hata ale nini anasema hajala. Lakini nilishika. Wiki mbili tu mizani ikasema nimepungua kilo nane. Ndugu zangu, nilipiga magoti pale pale. Mama Neema akanipiga picha, akaiweka kwenye kundi la akina mama, na Alhamisi, kwenye ibada ya akina mama anayoipanga yeye, akaniinua nishuhudie. Nikasimama mbele ya madhabahu nikasema Mungu amenipunguza na presha sasa naiaga. Wenzangu wakapiga makofi. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, nami nikaamini ni Roho Mtakatifu.

Wiki iliyofuata tulikwenda Ngenge, Muleba, nyumbani kwa mume wangu, kwenye msiba wa shangazi yake. Mama mkwe aliponiona hata salamu hakutoa, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umepima?" Kwetu huku ukikonda ghafla kila mtu ana jibu lake mfukoni. Nikacheka tu. Tukakaa na wanawake kumenya ndizi za wafiwa, mimi kahawa ziko shavuni, moyo unakwenda mbio kama nimekimbizwa na ng'ombe. Nakumbuka niliinuka kufuata sufuria. Nilipozinduka nilikuwa nimelala juu ya maganda, wifi yangu ananipepea na jani la mgomba, anawaambia watu, "Mtemesheni hizo kahawa, mleteni uji."

Wakanipeleka zahanati, muuguzi akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, hizo kilo za haraka za mwanzo unazozifurahia nyingi ni maji, siyo mafuta. Unakunywa dawa ya kukojoa, huli, halafu unatafuna kahawa kutwa nzima. Ulikuwa unajikausha." Akasema mwili ukipungua vizuri unapungua nusu kilo au kilo kwa wiki, na mtu anakula. Nikamuuliza mbona rafiki yangu aliweza siku arobaini? Akasema, "Nenda kamuulize vizuri."

Nikaenda Nyanga. Nilimkuta uani na mama mkwe wake, wanachambua maharage. Nilipoanza tu kueleza nilivyoanguka, yule bibi akacheka. "Na wewe waitu, mwenzetu, amekutafunisha kahawa? Huyu alianguka hapo migombani siku ya tisa. Tukamlisha ndizi kwa kijiko kama mtoto. Hajarudia."

Mama Neema akasema, "Mama, acha hayo."

Nikamuuliza, "Na zile siku arobaini? Na huo wembamba?"

Akaangalia maharage yake. "Nilikuwa nimetoka kuugua malaria. Halafu nilishawaambia akina mama kwamba nimemaliza, ningerudi kusema nini? Nikasema wewe una nguvu ya maombi kuliko mimi. Ukimaliza wewe, litakuwa kweli."

"Na presha yangu ulikuwa unaijua."

Alinyanyuka akaenda kunipakulia chakula. Nilimuaga bibi, nikaondoka sijala.

Ndugu zangu, kuanguka nimesamehe. Kinachoniuma ni kwamba nilimwamini kama dada wa tumbo moja, naye akanitanguliza mahali alipojua pana shimo, na ushuhuda wa uongo akautoa kwa mdomo wangu, mbele za Mungu. Na tangu ile Alhamisi akina mama tisa wameanza. Mmoja ana sukari, anakaa benchi la mbele. Nilimpigia simu nikamsihi aache, akanijibu, "Wewe umeshapendeza, sasa unatufungia mlango?" Mume wangu anasema ninyamaze, mama wa ubatizo wa mtoto hasemwi hadharani, na nikisema watu watanicheka mimi kwanza.

Alhamisi hii Mama Neema amenipanga kushuhudia tena. Leo mchana ameniandikia, "Vaa lile gauni la bluu, linakuonyesha vizuri." Hakuna pole, hakuna naomba radhi.

Kusimama nitasimama, hilo nimeshaamua kwa ajili ya wale tisa. Nikieleza yangu peke yake nahofia hawatanisikia, watasema mbona mwenzako alimaliza. Nikisema na yake, nimemwaibisha rafiki wa miaka kumi na minane kanisani. Ninyi mngekuwa mimi, mngefunua mpaka wapi? Nielekezeni, Alhamisi si mbali.