Kompyuta Mbili kwenye Waya Mmoja

Kuna siku siisahau, mwanangu, na nikiikumbuka damu yanichemka mpaka leo. Ilikuwa Ramadhani, alasiri, wanawake wa mtaani hapa Mji wa Kale tushakanda, tushakaanga. Mjukuu wangu Asya alitufungulia duka la kwenye simu: watu waagiza futari, pikipiki zawapelekea mpaka Kilindini. Mara kimya. Duka halifunguki! Bi Mwanajuma, mjane wa watu, yuwatizama masinia yake matatu ya mkate wa mchele, machozi yamlenga.

Nikapanda ghorofani kwa Asya. "Si ulituapia duka lina kompyuta mbili? Moja ikifa, nyingine yashika?"

"Ni mbili, Bibi! Lakini Baba kachomeka pasi apige kanzu ya tarawehe, ekstensheni ikaungua."

"Na zote mbili zavuta stima kwa ekstensheni hiyo hiyo?"

"Ndiyo, Bibi." Astaghfirullah, na saumu yangu, nilivyofoka! Mkate wa Bi Mwanajuma ukagawiwa msikitini. Thawabu ipo, lakini mchele na nazi vya kesho avitoe wapi?

Mimi mwenyewe nilipokuwa kigori nilipewa kazi ya kuteka maji ya pilau ya harusi. Nikajigamba, ndoo ninazo mbili! Lakini kamba ilikuwa moja; ikakatika, ndoo ikazama nayo kisimani. Wageni wangoja, mchele wangoja. Bi Zena mpishi akanitolea macho, mwiko mkononi: "We msichana, hiyo ndoo ya pili itashuka kwa dua?" Leo nacheka. Siku ile, wallahi, nililia.

Basi Asya akahamishia kompyuta moja kwa shangazi yake Tononoka, stima yake mbali, intaneti yake mbali. Kesho yake akaja: "Sasa tayari, Bibi."

Tayari ya mdomo? Nikachomoa waya wa hii ya hapa, chap! Asya akapiga ukelele. Bi Mwanajuma, aliyeketi nasi simu mkononi, akashangaa: "Mwapigia kelele nini? Mbona mimi duka lanifungukia? Hata mkate nimeagizwa!"

Akiba haiozi, mwanangu, lakini yazama. Cha akiba kisiegemee pale pale kilipoegemea cha kazi. Na ujaribu mwenyewe, mchana kweupe, usingoje shida ikujaribie. Riziki ya mjane si ya kubahatishia! Mola akufungulie milango ya kheri, na kila mmoja ukifungika, wa pili akuwekee wazi. Amin.