Viazi Vyenye Vifuniko

Mwezi uliopita nilirudi Sumbawanga kumsaidia mama mdogo kupika. Nilishuka kwenye basi vumbi la njia ya Laela likiwa limenijaa masikioni, kiuno kinauma kama cha mtu aliyeshinda shambani, na kabla sijaweka begi chini nikakabidhiwa kisu na debe la viazi. Binti yake wa mwisho alikuwa anachumbiwa, wakwe wangefika kesho yake mchana.

"Umechoka?" mama mdogo aliniuliza.

"Kidogo."

"Basi kaa, menya."

Alisema hivyo kana kwamba kumenya ndiko kupumzika. Kwa wanawake wa kwetu ndiko. Nikakaa kwenye kigoda, nikamenya, na ile harufu ya viazi vibichi, harufu ya udongo uliolowa, ikaniondoa pale jikoni bila kuniaga. Nikawa na miaka tisa tena, nimekaa kwenye kigoda kingine, na mama mdogo ndiye aliyekuwa anachumbiwa.

Wakati huo tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka mjini. Nyumba zilipangwa mstari mmoja kando ya barabara, kama watoto wa shule wakisubiri kukaguliwa kucha. Bibi hakuuzoea mstari ule mpaka alipokufa. Alisema nyumba zikitazamana sana watu huacha kutembeleana. Asubuhi chuma cha gari bovu kiligongwa, watu wazima wakaenda shamba la pamoja, wakarudi, ndipo wakaanza kulima matuta yao wenyewe, yale makubwa ya mviringo ya kufukia majani tunayoyaita ntumba. Ninapowakumbuka wakubwa wa utoto wangu nawakumbuka wamekaa, miguu imenyooshwa, hawasemi kitu. Nilidhani ni tabia yao. Sasa najua walikuwa wamechoka.

Mama mdogo alikuwa na miaka ishirini na saba, umri ambao kijijini ulitajwa kwa sauti ya chini. Wachumba wawili walishakuja wakarudi. Mmoja ndugu zake walidai ng'ombe wa mahari wamekufa, mwingine hakuleta hata sababu. Kwa hiyo ilipokuja habari kwamba mkulima mmoja wa Kate, mpole, mwenye shamba la ulezi, anatuma shangazi yake aje aitazame nyumba yetu, bibi hakulala vizuri wiki nzima. Kila mtu alijua kwamba shangazi yule ndiye atakayeamua. Akirudi Kate na neno baya, hakutakuwa na mchumba wa nne.

Wazo la viazi lilikuwa la mama mdogo mwenyewe. Alikuwa amejifunza cherehani mjini, nyumbani kwa mke wa mwenye duka mmoja, Waislamu wenye lori la kwenda ziwani, na mwezi wa Ramadhani alimwona mama yule akiandaa viazi vya kujazwa. Unavimenya, unavichemsha mpaka kisu kiingie lakini kiazi kisikubali kupasuka. Unakata kofia ndogo juu, unachokoa ndani kwa kijiko cha chai, unajaza nyama iliyokatwakatwa na vitunguu, unarudisha kofia na kuibana kwa kijiti, unachovya kwenye yai, unakaanga. "Kiazi kina aibu," mama yule alikuwa akisema. "Ukikiharakisha kinaanguka mbele ya watu."

Kijijini hakuna aliyewahi kuona kitu cha namna hiyo. Ndiyo sababu mama mdogo alikitaka. Alitaka shangazi wa Kate aone kwamba hakuja kumchukua mwanamke aliyebaki, amekuja kumchukua mwanamke anayejua jambo.

Mafuta ya kupikia katika duka la kijiji yalikuwa hadithi. Yule mke wa mwenye duka wa mjini alituletea kwa lori chupa ya mawese kutoka Kirando, ziwani, na juu yake, kwa wema wake, kifuko cha dagaa. Viazi vilikuwa vya kwetu. Mayai tuliyakusanya siku nane. Nyama ndiyo iliyotushinda. Mchinjaji wa kijiji aliitwa mkutanoni, ng'ombe hakuchinjwa, na jogoo wetu wa pekee alikuwa ametengwa kwa ugali wa wageni, hagusiki. Asubuhi ya ugeni viazi ishirini na vinne vilikuwa vimeshachokolewa, viko wazi kama vinywa, na hatuna cha kuvilisha.

Bibi akatazama kile kifuko cha dagaa. Akaniambia, "Kaanga bila mafuta mpaka wakauke kabisa. Kisha twanga."

Nilitwanga mpaka mkono ukafa ganzi. Wakawa unga mweusi-mweusi, laini, wa kupendeza puani. Mama mdogo akauchanganya na kitunguu na pilipili, tukajaza, tukafunika. Vikatoka kwenye mawese vyekundu kama matofali yaliyoiva. Hapo bibi akanishika sikio, bila kulivuta, akanipa amri mbili.

"Usionje hata kimoja, vimehesabiwa. Na wakikuuliza, usiseme ni dagaa. Wakwe hawapewi dagaa."

Nilikuwa mtoto mdokozi, mwizi wa sufuria. Siku ile moja tu nikatii.

Wageni walikuwa watatu: shangazi na wazee wawili waliomsindikiza. Walikaa sebuleni na mjomba, kaka wa mama mdogo, aliyekuwa mwenyeji wao. Bibi alibaki jikoni, maana nyumbani kwetu mama wa binti hali mbele ya wakwe wala hakai walipo wanapokula. Mama mdogo alikuwa chumbani nyuma ya pazia, hatakiwi kuonekana mpaka aitwe. Kibuyu cha kimpumu, pombe yetu ya ulezi, kikaingia kwanza. Mjomba akanywa funda kubwa, akajifuta mdomo, ndipo akampa mgeni. Hivyo ndivyo ilivyo. Mwenye nyumba huonja, mgeni apate kunywa bila kuogopa sumu. Ufipa nzima inajua, na mtu asiyeonja hana haja ya kuulizwa kwa nini.

Lakini pombe ni pombe. Viazi vya mjini havikuwa na desturi. Hakuna aliyefikiria kwamba navyo vinaonjwa.

Nikaingia na sinia, nikapiga magoti. Shangazi alikuwa mwanamke mrefu, amefunga kitenge mpaka kwapani, macho hayapepesi. Akachukua kiazi kimoja, akakigeuza, akachomoa kijiti. Akafungua kofia. Akachungulia.

"Mwanangu, hiki nini?"

"Kiazi, bibi."

"Kiazi nakijua, nimekilima kabla mama yako hajazaliwa. Humu ndani mna nini?"

Niliutazama ule unga mweusi. Kwa mara ya kwanza niliuona kama anavyouona yeye: kitu kilichosagwa, kikafichwa, kikafunikwa, kikapigiliwa kijiti. Mikono iliyoutwanga ilikuwa bado inaniuma. Nikakumbuka amri ya pili.

"Sijui," nikasema.

Shangazi akarudisha kofia taratibu, akakiweka kiazi ukingoni mwa sinia. Wazee wake wakarudisha mikono magotini.

"Karibuni, karibuni jamani," mjomba alisema, mikono yake mwenyewe ikiwa nyuma ya mgongo. Hakuwahi kuviona na yeye. Aliogopa kuliko wageni.

"Wewe mwenyeji hukaribii?" shangazi akamuuliza.

"Mimi… mimi nimeshiba pombe, mama."

Mzee mmoja akakohoa. Kutoka jikoni nilisikia mwiko ukianguka. Bibi alikuwa anasikia kila neno, na hakuweza kutoka. Nilitamani nilie, lakini hata kulia kungekuwa ushahidi.

Pazia likafunguka. Mama mdogo akatoka bila kuitwa, kanga imemkaa vibaya, masizi shavuni. Akapiga magoti kando yangu.

"Shikamoo, mama. Shikamooni, wazee."

"Marahaba," alijibu shangazi. "Nani kakuita?"

"Hakuna." Akakichukua kile kiazi kilichofunguliwa, kilekile, akakiuma nusu. Mwanamwali, mbele ya wakwe, anatafuna! Akameza. "Ni dagaa wa Kirando, mama. Nyama ilikosekana. Aliyewatwanga ni huyu, akaambiwa asiseme, kwa sababu tuliona haya." Akala nusu iliyobaki. Akachukua kingine upande wa pili wa sinia, akakila nacho. Machozi yalikuwa yanamtoka, sijui ni ya aibu au ya pilipili.

Shangazi akamtazama mpaka alipomaliza. Kisha kifua chake kikaanza kutikisika kwa kicheko.

"Wazee, mmeona? Wenzake wanakuja kwetu wanajifanya hawali, mwezi wa pili wanamaliza ghala. Huyu hafichi njaa." Akanyoosha mkono kwenye sinia. "Na dagaa mna haya nao kwa nini? Nyie wa huku mna mambo! Sisi tunawala kila siku." Akauma, akafumba macho. "Mjomba, karibia nawe, shibe ya pombe imeshashuka."

Walivimaliza. Mimi niliambulia vijiti, nikavilamba.

Mama mdogo akaenda Kate. Alilima ntumba miaka ishirini na kitu, akazaa sita, akazika wawili na mume, akahamia mjini kuuza nafaka. Shangazi yule alimpenda mpaka kufa kwake. Bibi naye alishakwenda, na mke wa mwenye duka alihamia pwani. Kijiji chetu cha mstari kimebaki nyumba chache, watu walirudi walikotoka mmoja mmoja.

Mchumba wa binti yake wa mwisho alifika siku ya pili ya ujio wangu na watu arobaini, viti vya kukodi, kreti za soda. Mama mdogo aliitwa akakae kiti cha mbele. Akasema moshi umemwingia machoni, hawezi kutoka. Nilijua anachokifanya, vijana hawakujua. Alikaa jikoni, mikono mapajani, mgongo ukutani, na mimi nikapeleka sinia la viazi vilevile vya kujazwa.

Nje watu walinyoosha mikono huku wakizungumza. Walichukua, walitafuna, wengine walichukua tena. Mmoja alinisukuma kidogo begani nipite, namzibia muziki. Hakuna aliyefungua kofia. Hakuna aliyeniuliza mna nini. Sinia likaisha upesi kuliko nilivyotembea.

Nikarudi jikoni, nikavua viatu.

"Wamekula?" mama mdogo akauliza.

"Vimeisha vyote."

"Nani kaonja kwanza?"

"Hakuna, mama. Walichukua tu."

Akaitazama mikono yake. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka kama udongo wa kiangazi, na nilimwona kwa mara ya kwanza akiwa na uso wa bibi.

"Siku hizi watu wanaaminiana," akasema polepole. "Au hawatazamani."

Kwenye sufuria kilikuwa kimebaki kiazi kimoja, kilichopasuka, kisichofaa kupelekwa nje. Akakigawa kwa kidole gumba. Nusu yake akaila kwanza, akameza, akaniacha nimwone amemeza. Ndipo akanipa yangu.